Gedi, Mji Uliohamwa na Watu Wake

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akibakiza mwendo wa maili 10 hivi, hupita karibu na msitu wa miti mikubwa. Ndani ya msitu huo yamo magofu ya Gedi, mji wa Waswahili ambao ukuta wake ulizunguka eneo la ekari 45 hivi.

Mwaka 1948 Bwana James Kirkman aliwekwa kuwa mlinzi wa magofu hayo, akaanza kuyachimba. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na kwa hiyo yajulikana kwa hakika kwamba mji huo ulikuwapo wakati huo. Vilivyofukuliwa vyaonyesha kwamba watu wake hawakuwa maskini: mabakuli ya Kichina, shanga za Venice, taa ya chuma kutoka Bara Hindi, hata mkasi wa Kihispania. Nyumba kadhaa zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mgeni aliingia kwanza katika ua, kisha ukumbi, na nyuma yake vyumba vya kulala na ghala. Baadhi ya ghala hazikuwa na mlango kabisa. Mwenye mali alipanda na kuingia kwa tundu lililo juu ukutani, na bila shaka mwizi alipata taabu kubwa. Vyoo na mahali pa kuogea vilikuwamo ndani ya nyumba, jambo ambalo miji mingi ya Ulaya ya siku zile haikuwa nalo.

Je, mji kama huu uliachwaje? Katika mwaka 1589 Wazimba walishambulia pwani. Mwaka 1593 Wareno walimhamisha Sheikh wa Malindi akakae Mombasa, na nchi ya jirani ikapungukiwa na ulinzi. Baadaye Waoromo walishuka kutoka kaskazini. Lakini yuko shahidi mwingine asiyeshika mkuki, naye ni kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu. Kisima hicho kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka chini. Tena katika karne ya 16 ulijengwa ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, kana kwamba watu waliobaki hawakutosha kuulinda mji mzima. Mwanzoni mwa karne ya 17 Gedi ikawa tupu, na miti ikaota vyumbani.

Wakazi wa jirani waliyahesabu magofu hayo kuwa makao ya mizimu, na heshima hiyo iliyasaidia yasivunjwe. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mgeni aweza kuinama juu ya kisima kile akajionea kina chake.