Bamia, mbuyu na msufi chini ya hadubini

Anza na bamia. Shamba la kijijini halikosi shina moja au mawili, na ua lake lililofunguka asubuhi ukilikung'uta juu ya karatasi nyeusi, chembe za chavua utaziona kwa macho matupu. Kipenyo chake hupita mikromita 100. Chavua ya mwembe kando yake ni vumbi tu. Mbuyu haukungoji asubuhi: ua lake hufunguka jioni, popo hulizuru usiku, na kukicha linaanza kunyauka. Uuendee magharibi.

Chembe zikiwa kwenye slaidi, dondoshea spiriti kidogo iondoe mafuta, iache ikauke, kisha weka tone la gliserini na ufunike. Maji yaache. Chavua huvimba ndani ya maji, nyingine hupasuka, na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo. Andika jina la mti papo hapo. Slaidi tatu zisizo na jina ni kazi ya siku nzima iliyopotea.

Tazama kwanza milango ya chembe, yaani mifereji au matundu kwenye ukuta wake. Ya mnazi ina mfereji mmoja, ya mwembe na ya mkorosho ina mitatu. Hiyo miwili ni ndugu wa ukoo mmoja, na chavua zao hufanana mno hata mgeni hawezi kuzitenganisha. Hapo rudi kwenye tunda na jani.

Kisha uso wa chembe. Zungusha taratibu kirekebishi kidogo cha hadubini, kutoka juu kushuka. Kinachong'aa kwanza halafu kikafifia ni kitu kilichoinuka. Kilichoanza na giza ni shimo. Mbinu hii aliieneza Gunnar Erdtman wa Sweden, na hadubini ya shule inaiweza.

Sasa weka pamoja bamia, pamba, mbuyu na msufi. Bamia na pamba zina miiba mirefu, mbuyu una vijimiiba vifupi, msufi hauna miiba bali wavu. Zamani mbuyu na msufi iliwekwa katika familia yake yenyewe. Mpangilio wa mwaka 1998, uliotegemea vinasaba, ukaiingiza katika familia ya bamia. Aliyehesabu miiba peke yake angeukubali mbuyu na kuufukuza msufi. Kwa hiyo kwenye daftari uwe na safu ya milango, ya uso na ya ukubwa, na upime chembe 20 kutoka miti isiyopungua mitatu.