Mwenzi Wako Akigongwa Kichwani

Mama mmoja alinijia akilia. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye bodaboda wiki saba kabla ya hapo. Hakuvunjika mfupa, picha ya kichwa haikuonyesha kitu, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. "Mwalimu, huyu si baba watoto niliyemjua," akaniambia. "Watoto wakicheka anawafokea. Nikimtuma sukari analeta sabuni. Jioni anajifungia chumbani gizani." Majirani walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba mzee ana mwanamke kando. Afadhali alikuja kuuliza kwanza.

Ubongo ukitikiswa ndani ya fuvu, kazi yake huvurugika hata kama picha haionyeshi jeraha. Watu wazima wengi hupata nafuu katika wiki mbili hivi. Wengine hubaki miezi na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, usahaulifu, uchovu, kukosa usingizi, hasira za ghafla, na kutovumilia mwanga wala kelele. Hata hamu ya tendo la ndoa yaweza kupungua, na hapo maneno ya majirani hupata pa kuota. Mwenzi wako hajifanyi, wala hajakuchoka.

Zamani ilisemwa mgonjwa akae gizani mpaka apone. Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri vingine: apumzike kiasi siku moja au mbili, kisha aanze kutembea polepole, akiongeza kadiri kichwa kinavyoruhusu.

Pamoja na hayo liko zoezi la kutuliza fikira, ambalo Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu ya kudumu huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mwaka 2013 utafiti wa Marekani juu ya watu 22 waliosumbuliwa muda mrefu baada ya kugongwa kichwa ulionyesha kwamba baada ya wiki 10 za zoezi hilo maisha yao yalikuwa afadhali, na walijiamini zaidi katika kuikabili hali yao. Ni watu wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao, basi tusilifanye dawa ya miujiza. Zoezi halitibu ubongo wenyewe. Linakata mnyororo: kichwa kinauma, mtu anaogopa kwamba hatapona, hofu inakaza shingo na kufukuza usingizi, na asubuhi kichwa kinauma zaidi.

Hufanywa hivi. Mgonjwa aketi kivulini. Akifumba macho na kuona kizunguzungu, ayafumbue, atazame chini mbele ya miguu yake. Asikie pumzi ikiingia na kutoka puani, bila kuilazimisha. Fikira zitakimbilia karo ya watoto au kazi aliyoiacha. Azirudishe kwenye pumzi bila kujikaripia. Kukimbia huko si kushindwa, kwa maana kuzirudisha ndilo zoezi lenyewe. Dakika tatu zatosha siku za kwanza. Kichwa kikizidi, aache. Asiyeweza kuketi kimya aoshe vyombo, akiyasikia maji mikononi, sahani moja kwa wakati.

Mama yule nilimwomba asimsimamie mumewe kama mwalimu wa zamu, bali aketi naye. Walichagua saa kumi na mbili jioni, redio imezimwa, watoto wako kwa nyanya yao. Akaacha pia kumwagiza mambo matatu kwa pamoja; akawa anamwandikia kwenye karatasi. Mwanzoni mzee aliona ni upuzi, akasema yeye si mtawa. Wiki ya tatu yeye ndiye aliyemwita mkewe nje. Siku nyingine kichwa bado kinamuuma, na siku hizo wanaketi kidogo tu.

Dalili zikipita mwezi, rudini kwa daktari pamoja, kwa sababu mgonjwa husahau nusu ya mambo ya kueleza. Na mkimwona anatapika mara kwa mara, maumivu yanazidi haraka, anasinzia hata kumwamsha ni kazi, anaanguka kifafa, au mkono au mguu unalegea, hapo si wakati wa kuketi na kusikiliza pumzi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.