Umeibiwa Wimbo? Leta Ushahidi

Nimechukua sekunde tano tu za wimbo wa mtu. Naambiwa chini ya sekunde saba si kosa. Kweli?

Si kweli. Barua za namna hii ni nyingi; wengine mnataja noti nane, wengine mistari miwili. Nawajibu pamoja: kipimo hicho hakimo katika Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999, wala ya Kenya ya 2001. Ni uzushi wa studio, na unawaponza vijana. Mahakama huangalia kilichochukuliwa ni nini.

Mwaka 1976, jijini New York, Jaji Richard Owen aliulinganisha "My Sweet Lord" wa George Harrison na "He's So Fine" wa The Chiffons. Kulikuwa na vipande viwili vifupi vya melodi: sol-mi-re, kisha sol-la-do-la-do. Kila kimoja peke yake ni cha kawaida. Ila vilifuatana vilevile, vikarudiwarudiwa, na kwenye kipande cha pili kuna kinoti cha pambo kilichokaa mahali palepale katika nyimbo zote mbili. Harrison akashindwa, ingawa jaji aliamini kwamba hakukusudia. Kwa hiyo "sikukusudia" nayo haikuokoi.

Kodi za gitaa (chords) za wimbo wake na wangu ni zilezile. Nishtaki?

Usishtaki. Ed Sheeran alishtakiwa kwa jambo la namna hiyo New York, akashinda mwaka 2023.

Aliyeniibia anasema hajawahi kuusikia wimbo wangu. Nifanyeje?

Thibitisha mambo mawili: kwamba alipata nafasi ya kuusikia, na kwamba alichochukua ni ubunifu wako. Moja halitoshi. Mwaka 2016, Los Angeles, jopo la mahakama lilikubali kwamba washtakiwa, Jimmy Page na Robert Plant wa Led Zeppelin, walipata nafasi ya kuusikia "Taurus" wa kundi la Spirit, na bado mdai alishindwa. "Taurus" uliandikishwa 1967, na kilicholindwa ni noti zilizokuwa kwenye karatasi iliyowasilishwa. Jopo halikuruhusiwa kulinganisha kwa kusikiliza santuri yenyewe.

Basi tunzeni faili za studio zenye tarehe, na ujumbe mliotumia kupeleka demo. Kaandikisheni kazi COSOTA (Tanzania) au KECOBO (Kenya) kabla ya kuigawa. Mnanikasirisha mnapokuja mikono mitupu, wimbo wa mwenzenu umeshapigwa redioni mwaka mzima.

Kuna mtu anatoza fedha kupima "asilimia ya kufanana". Nimlipe?

Hapana. Tafuta mwanamuziki anayejua noti, aziandike melodi zote mbili, moja chini ya nyingine.