BETRI IMEKUFA, SUMU HAIJAFA

Somo la afya kwa wenye biashara ndogo vijijini

Siku hizi vijiji vingi vina biashara zinazotumia umeme wa jua, yaani sola. Kinyozi ananyoa kwa mashine. Mwenye duka anachaji simu za wanakijiji. Kijana mwingine ana kibanda cha kuonyesha mpira. Haya ni maendeleo, nasi tunayafurahia.

Mchana sola huvuta nguvu za jua. Nguvu hizo huwekwa ndani ya betri ili zitumike usiku au wakati wa mawingu. Betri ndiyo ghala la umeme. Lakini kila betri ina mwisho wake. Baada ya miaka michache hufa. Je, betri iliyokufa huenda wapi? Katika somo hili tutajifunza kwamba betri nzima iliyokufa ni mali, lakini betri iliyopasuliwa ni sumu kwa watoto wetu.

KUNA NINI NDANI YA BETRI?

Tunazungumza juu ya betri nzito, kama zile za magari. Nyingine zina vifuniko vya kuongezea maji. Nyingine zimezibwa kabisa. Zote zina vitu viwili vya hatari.

Kitu cha kwanza ni tindikali. Haya ni maji makali yanayounguza ngozi, macho na nguo.

Kitu cha pili ni risasi. Risasi ni madini ya kijivu, mazito na laini. Hutumiwa kutengeneza risasi za bunduki, na wavuvi huitumia kutengeneza chubwi za nyavu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Ndiyo maana betri chakavu hununuliwa kwa kilo.

Tindikali hujulisha hatari yake papo hapo, kwa maana inauma. Risasi haiumi. Haina harufu. Huingia mwilini kimya kimya. Kwa sababu hiyo watu wengi hawaiogopi.

RISASI HUINGIAJE MWILINI?

Risasi huingia kwa njia tatu:

1. Kwa kuvuta hewa. Mtu akiyeyusha risasi kwenye moto wa mkaa, huvuta moshi na vumbi lake. Risasi huyeyuka upesi, hata katika sufuria. Kwa hiyo wengi hudhani ni kazi nyepesi.

2. Kwa kula. Vumbi la risasi hukaa mikononi, kwenye vyombo na kwenye udongo wa uani. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni.

3. Kutoka kwa mama. Risasi hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Mama akipata mimba, risasi hutoka kwenye mifupa na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Baba aliyepasua betri kazini anaweza kuleta vumbi nyumbani kwenye nguo zake. Akimbeba mtoto kabla ya kuoga, anamgawia sumu bila kujua.

MADHARA YAKE NI YAPI?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Mwili wa mtoto unaweza kufyonza risasi iliyoliwa mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima.

Mtoto mwenye sumu hii anaweza kuumwa tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, kupungukiwa damu na kuwa mkali bila sababu. Huchelewa kuelewa mambo shuleni. Sumu ikizidi, hupata degedege, hupoteza fahamu, na anaweza kufa. Watu wazima hupata shinikizo la damu na ugonjwa wa figo. Mama mjamzito anaweza kuharibu mimba au kuzaa kabla ya wakati.

Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Degedege tumezoea kudhani ni malaria, na wengine husema ni mambo ya kurogwa. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha risasi. Kwa hiyo ukienda hospitali, mweleze mganga wazi: “Nyumbani kwetu betri zilipasuliwa.” Maneno hayo yanaweza kuokoa maisha.

Dawa za kupunguza risasi mwilini zipo, nazo hutolewa hospitali. Lakini akili ya mtoto ikishaharibika, dawa haziirudishi yote. Maziwa nayo hayaondoi sumu hii, ingawa mafundi wengi huamini hivyo. Chakula chenye madini ya chuma, kama dagaa, maharage na mboga za majani, husaidia mwili wa mtoto usifyonze risasi nyingi. Lakini chakula si dawa ya sumu iliyokwisha ingia.

MAMBO YALIYOTOKEA

Katika nchi ya Senegal, karibu na mji wa Dakar, kuna mahali panapoitwa Thiaroye-sur-Mer. Watu wa hapo walikuwa wakipasua betri chakavu ili wapate risasi. Udongo ukajaa risasi. Baadaye watu wakaanza kuuchekecha udongo huo, kwa maana risasi yake iliuzika. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa, na mwanzoni sababu haikujulikana. Wataalamu walipowapima watu 81 wa mahali hapo, wakiwemo ndugu na mama za watoto waliokufa, wote 81 walikutwa na sumu ya risasi.

Jirani zetu wa Kenya nao walipata msiba. Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa kando ya nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana sumu ya risasi. Aliwaunganisha majirani, wakadai haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wananchi hao walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Watu wa Thiaroye na Owino Uhuru walikuwa wakitafuta riziki kama sisi. Tujifunze kwao kabla msiba haujafika kwetu.

TUMIA BETRI VIZURI IKAE MUDA MREFU

Betri ikidumu, faida yako huongezeka na taka hupungua. Fuata mambo haya:

1. Nunua betri iliyotengenezwa kwa kazi ya sola. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini tu. Ukiitumia kila usiku kwa taa na runinga, itakufa mapema.

2. Usiimalize nguvu zote. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha volti 12.1 imebaki karibu nusu. Hapo pumzisha kazi mpaka jua litoke.

3. Funga kifaa cha kuzuia chaji isizidi na isipungue mno. Muulize fundi wako.

4. Kama betri yako ni ya kuongezwa maji, ongeza maji safi maalumu ya betri. Maji ya kisima yana chumvi na huiharibu. Usiongeze tindikali.

5. Weka betri mahali penye hewa. Inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usivute sigara wala usiweke koroboi karibu nayo.

BETRI IKIFA UFANYE NINI?

USIFANYE haya:

– Usiipasue, wala usiyeyushe risasi kutengeneza chubwi au kitu kingine.
– Usimwage tindikali chini, mtoni wala chooni.
– Usitumie ganda la betri kunyweshea kuku, wala dumu la tindikali kuwekea maji au mafuta.
– Usiwape watoto kazi ya kubeba wala kusafisha betri.

FANYA haya:

– Iache nzima, na iweke wima. Itie ndani ya beseni la plastiki, kivulini, mbali na jiko na watoto.
– Unaponunua mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani na kukupunguzia bei. Betri nzima ina uzito wake wote, nayo hukupa pesa zaidi.
– Ukimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, mwombe akuonyeshe kibali cha kukusanya betri. Hapa Tanzania taka za hatari husimamiwa na chombo cha serikali cha mazingira.
– Kama wenye biashara ni wengi, kusanyeni betri zenu pamoja mzipeleke mjini kwa safari moja. Gharama ya gari itagawanyika.

Kumbukeni simu nazo. Simu ya zamani inayofanya kazi mpe ndugu anayeihitaji. Iliyoharibika mpe fundi atoe vipuri. Lakini betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuitupa motoni, maana inaweza kuwaka. Na nyaya msizichome ili kupata shaba. Moshi wake una sumu.

AJALI IKITOKEA

Tindikali ikiingia machoni au kumwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na osha kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 au zaidi. Kisha nenda zahanati upesi. Mtu akimeza tindikali, asitapishwe. Asukutue mdomo na apelekwe hospitali mara moja.

Kama betri zilikwisha kupasuliwa uani kwenu, waondoe watoto mahali hapo. Usifagie vumbi kavu, lowesha kwanza. Mjulishe afisa afya wa kata.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Biashara imeletwa ili watoto wetu wale na wasome. Isiwe ndiyo inayowaharibu akili. Leo, kabla ya jua kuzama, tazama nyuma ya duka lako. Kama kuna betri iliyokufa imelala mchangani, iinue.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu huogopa tindikali kuliko risasi?
2. Taja njia tatu za risasi kuingia mwilini.
3. Kwa nini mfanyabiashara hupata faida akiiacha betri nzima?
4. Hesabuni betri zilizokufa kijijini kwenu. Zipo wapi? Nani atazipeleka mjini, na lini?