Wimbo wangu kwenye tangazo la sabuni

*Mimi ni msanii wa kujitegemea, sina lebo. Kampuni inataka wimbo wangu kwa tangazo la sabuni kwenye runinga. Mashabiki hawatasema nimejiuza? – Msanii, Mombasa*

Hofu ya msomaji huyu ni ya zamani, ila makali yake yamepungua. Mwanamuziki Nick Drake alifariki mwaka 1974 bila umaarufu. Tangazo la gari la Volkswagen lililotumia wimbo wake "Pink Moon" ndilo lililowafanya Wamarekani wengi wanunue albamu zake. Mwimbaji Feist naye alivuma mwaka 2007 baada ya "1234" kusikika kwenye tangazo la iPod.

Kinachomliza msanii, mara nyingi, si mashabiki bali ni mkataba.

Wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi yenyewe. Prodyuza aliyetengeneza biti kwa makubaliano ya mdomo anaweza kuibuka tangazo likishaanza kurushwa, malipo yakakwama. Basi idhini yake ya maandishi itangulie. Mkataba nao utaje muda, nchi, na kama tangazo litawekwa mitandaoni. Miezi sita nchini Kenya ni bei moja. Dunia nzima bila kikomo ni bei nyingine kabisa.

Kampuni ikitaka haki zote zihamishwe kwake, msanii asitie saini kabla ya kumwona wakili anayejua hakimiliki. Kusajili wimbo mapema kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) kutamrahisishia kuthibitisha kuwa ni wake.