Chumba cha Kulala Kando ya Ziwa: Anza na Kitambaa, Ukuta Uje Mwisho

Watu wengi hapa Kigwena, Burundi, wakitaka kupendezesha chumba cha kulala huanzia kwenye duka la rangi. Ukuta ukishapakwa, ndipo wanazunguka soko la Rumonge wakitafuta pazia na shuka za kuendana nao, na mara nyingi hawapati. Mimi hufanya kinyume. Fundi anaweza kuchanganya rangi mpaka ikaribiane na kitenge chako, lakini hakuna muuza vitenge atakayekuchapia kitenge kwa ajili ya ukuta wako. Kwa hiyo kitambaa kwanza, ukuta mwisho. Ndivyo nilivyotengeneza chumba changu, cha mama yangu na vya majirani kadhaa, na utaratibu wangu ndio huu.

1. Tazama dirisha limeelekea wapi

Sisi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika tuna milima mashariki na ziwa magharibi. Asubuhi jua hukawia, maana lazima kwanza lipite juu ya milima. Alasiri linateremka kuelekea milima ya Kongo, na mwanga wake unatufikia kwa njia mbili: kutoka juu, na kutoka majini unakomulika na kurudi.

Chumba chenye dirisha la upande wa ziwa hupigwa na jua la chini kuanzia kama saa tisa mpaka machweo, tena mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Humo usipake rangi ya chungwa, nyekundu au njano iliyokolea. Ikifika saa kumi ukuta utakuwa kama jiko la mkaa. Chagua kijani kilichopauka, buluu yenye ukijivu, au nyeupe iliyotiwa kijivu kidogo.

Chumba cha upande wa mlimani hupata mwanga wa asubuhi tu, kisha mchana kinapoa na kufifia. Hicho ndicho cha kupaka rangi ya maziwa au ya mchanga.

Najua kijani kizito cha msitu wetu wa Kigwena kinavutia. Lakini ukuta mweupe hurudisha chumbani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, wakati kijani kizito hurudisha sehemu ndogo tu. Vyumba vyetu vingi vina dirisha moja dogo, basi kijani hicho kiweke kwenye foronya.

2. Usisahau chandarua

Picha za vyumba vya kupendeza mitandaoni hazina chandarua. Huku ziwani malaria haina likizo, na chandarua ndicho kitu kikubwa kuliko vyote chumbani. Kama ni cha buluu, buluu tayari ni rangi ya chumba chako, upende usipende. Ihesabu kabla ya kununua kitambaa.

Chandarua cha pembe nne ukikifunga kwa kamba kwenye misumari minne iliyo kimo kimoja, kitanda kinapata umbo zuri. Mchana kikunje vizuri juu, usiku kichomeke chini ya godoro. Kile chenye dawa kifue kwa sabuni ya kawaida, bila jiki, na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali hudhoofisha dawa.

3. Acha kitambaa kikuchagulie rangi

Tandaza kitenge au kanga kitandani, urudi nyuma mpaka mlangoni, utazame. Tafuta rangi tatu. Ile iliyopauka kuliko zote ndiyo ya ukuta, mradi inaendana na mwanga wa dirisha lako. Ile iliyotawala iende kwenye pazia na tandiko. Ile inayojitokeza kidogo kidogo iwe ya foronya, kikapu au fremu ya kioo. Aliyechora kitambaa ameshakufanyia kazi ya kupatanisha rangi, nawe unaigawa tu chumbani.

Kitenge cha nta kina faida moja kwenye dirisha: kimechapwa pande zote mbili, hivyo hata anayepita nje anaona pazia zuri. Kanga huwa imekolea upande mmoja zaidi, kwa hiyo inafaa tandiko au ukutani. Dirisha la magharibi lishonee bitana nyeupe upande wa nje, la sivyo jua litaipausha nguo mapema.

4. Jaribu rangi ikiwa jirani na kitambaa

Rangi haikai peke yake. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, alitoa kitabu kuhusu jambo hili mwaka 1839. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, naye akagundua kwamba weusi wenyewe ulikuwa sawa. Kilichoubadilisha machoni ni rangi zilizokuwa kando yake. Ndiyo sababu ukuta wa kijivu unaweza kuonekana na ukijani ukiuwekea pazia jekundu.

Basi paka rangi kwenye kipande kikubwa cha katoni, kiegemeze ukutani kando ya kitambaa, ukitazame asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwa imewaka. Usiku ndio wenye mitego. Balbu iliyoandikwa 2700K ina mwanga wa manjano, ya 6500K ina mwanga mweupe wenye ubuluu, na taa nyingi za sola ni za namna hii ya pili. Rangi ya mchanga inayopendeza mchana inaweza kupooza kabisa chini yake. Kwa chumba cha kulala mimi hununua balbu ya manjano.

5. Ukuta wenyewe

Plasta mpya ya saruji iache ikauke kwa takriban wiki nne kabla ya kupaka, la sivyo rangi itatoa madoa na kubanduka. Na angalia unyevu. Mwaka 2021 na 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu wa Rumonge, na hata nyumba ambazo maji hayakuzifikia zinaweza kuwa na kuta zinazonyonya maji kutoka chini. Ukuta wa namna hiyo ukiupaka rangi ya mafuta unafungia maji ndani, na rangi inavimba. Chokaa huuacha ukuta upumue, na ni ya bei nafuu. Usishtuke ikiwa imekolea ndani ya ndoo. "Mama, hii ikikauka itapauka yenyewe," fundi wangu huniambia, na ni kweli.

Kama ukuta ni mkavu, ule mtindo wa zamani wa rangi mbili bado una akili: chini, kama mita moja, rangi ya mafuta iliyokolea kidogo, juu rangi ya maji iliyopauka. Kiangazi, kuanzia Juni, vumbi jekundu na mikono ya watoto huishia sehemu ya chini, nawe unapangusa kwa kitambaa chenye maji.

6. Mapambo machache

Kioo usikitundike kukabili dirisha la ziwani, kitakurudishia jua la jioni usoni. Kiweke ukuta wa pembeni, kitasambaza mwanga bila kuumiza macho. Ukuta wa juu ya kitanda uachie kitu kimoja tu: mkeka wa mafunjo, kanga iliyonyooshwa kwenye fremu ya mbao, au vikapu vya ibiseke vilivyopangwa pamoja. Nguo za kila siku zitoke kwenye misumari ziende sandukuni au nyuma ya pazia dogo. Hilo peke yake hubadilisha chumba kuliko debe la rangi.

Kama fedha ni kidogo

Fuata mpangilio huu: mwezi wa kwanza ondoa vitu vilivyozidi na ufunge chandarua vizuri, mambo hayo hayatakugharimu faranga nyingi. Mwezi wa pili nunua kitenge, ushone pazia na foronya. Badilisha balbu. Kisha kaa na chumba hicho kwa muda kabla ya kumwita fundi. Majirani wangu wawili walipofika hapo waliona ukuta wao wa zamani unatosha, fedha ya rangi wakanunulia godoro.