Somo: Karani na Bawabu wa Selenium

Selenium ni programu inayoendesha kivinjari cha intaneti badala ya mkono wa mtu. Wenzetu wapima programu huitumia, na jaribio likikwama lawama huwaangukia wao. Ushahidi umo katika kumbukumbu, lakini Java, isipoagizwa, haionyeshi habari zilizo chini ya ngazi ya INFO.

Wengi humshusha karani, yaani Logger, hadi FINE, kisha hushangaa kuona kimya kile kile. Sisi pia tulishangaa! Karani anaandika, ila mlangoni yupo bawabu, Handler, naye bado anashikilia INFO. Mshusheni naye hadi FINE.

Mkishapata ushahidi, warudisheni wote wawili INFO.